MJADALA: Hispania inamlipa mkulima aache kumwagilia. Je, yule aliyetunza ndege miaka yote?

Wadau, salaam.

Mada yangu ni ya kusini mwa Hispania na Ureno, ila sisi tulioko huku Ulaya inatuhusu kila Februari tunaponunua stroberi. Nyingi zinatoka Huelva, jimboni Andalusia kusini mwa Hispania, na baadhi ya mashamba yanapakana na Doñana, ardhioevu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1969. Stroberi zinanyweshwa maji ya visima, na visima hivyo vinavuta maji yaleyale ya ardhini yanayolisha madimbwi ya hifadhi. Vingi vilichimbwa bila kibali. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitia Hispania hatiani kwa uzembe huo. Mwaka uliofuata dimbwi la Santa Olalla, kubwa kuliko yote ya kudumu pale, likakauka kabisa. Na 2023 tena.

Mwaka huohuo wanasiasa wa Andalusia wakaleta muswada wa kuhalalisha sehemu ya umwagiliaji huo. Kelele zikapigwa mpaka Ujerumani, walaji wakiyataka maduka yaache kuuza stroberi za huko. Novemba serikali ya jimbo na ya Madrid zikapatana: muswada ukawekwa kando, zikatangazwa euro bilioni 1.4, na mkulima atakayeacha kumwagilia na kuirudisha ardhi kuwa pori akaahidiwa hadi euro 100,000 kwa hekta katika miaka 10.

Sipingi hela hiyo kutoka. Ila vuka mpaka uende Castro Verde, Ureno. Kule mkulima analima ngano, kisha shayiri, halafu anaipumzisha ardhi miaka miwili au zaidi, kondoo wakila humo. Ndani ya nyasi hizo wanaishi tandawala wakubwa, ndege wa nyikani ambao dume lake linaweza kufika kilo 15 na bado likaruka, pamoja na tandawala wadogo, na kozi wadogo wanaotaga kwenye matundu ya kuta za magofu. Miaka ya 90 mwanzoni eneo hilo lilikuwa limeshaanza kupandwa mikaratusi. Shirika la uhifadhi la LPN likanunua mashamba, na tangu 1995 mkulima anayefuata mzunguko ule wa zamani anapata ruzuku. Ni ya mkataba wa miaka michache, na ukiipiga kwa hekta haifiki popote karibu na ile ya Doñana.

Kwa hiyo aliyenyonya maji akiacha anapewa donge nono, na asiyeharibu anapewa nauli. Mnaonaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unachanganya vitu viwili. Mtu wa stroberi anaacha biashara yenye mikopo, vibarua (wengi akina mama kutoka Morocco) na soko lililokwisha kutengenezwa. Lazima afidiwe la sivyo hatoki. Na si wote waliochimba kwa wizi, wapo wenye vibali halali kabisa. Huyo wa ngano usipomlipa ataendelea na ngano yake, kwa hiyo unanunua kitu ambacho tayari unacho.

Mwanzisha mada

Kuhusu vibali uko sahihi, nakubali. Ila hilo la "ataendelea na ngano yake" hapana, ndugu yangu. Ngano ya kutegemea mvua hailipi, ndiyo maana wengi wanahamia ng'ombe. Ng'ombe wanataka majani makavu, na majani yanakatwa Mei, wakati tandawala mdogo jike amelalia mayai chini kabisa, hana kiota cha maana, ni nyasi tu zilizobonyea. Haruki akisikia mashine. Anajibana chini akitegemea rangi yake imfiche, na mbinu hiyo inamfaa kwa mbweha, si kwa visu vya trekta. Dereva hata hajui kama amempitia.

Upande mwingine wa Alentejo, mkoa wenye Castro Verde, maji ya bwawa la Alqueva yalikofika, ngano imeipisha mizeituni iliyobanwa kwa mistari kama chai. Tandawala haingii humo. Ureno ilipoteza karibu nusu ya madume ya tandawala mdogo kati ya 2006 na 2016. Hicho ndicho kitu tulicho nacho tayari?

Mchangiaji wa pili

Mbona hamsemi mpunga? Pembeni ya Doñana, Isla Mayor, kuna majaruba maelfu ya hekta, yote ya kumwagilia. Mavuno yakiisha matrekta yanaingia kwenye tope kuvuruga mabua, na nyuma yao korongo na yangeyange wanaokota kamba wekundu wa Marekani walioletwa kule 1974. Hifadhi ikikauka, ndege wanakimbilia kwenye majaruba. Msihukumu umwagiliaji wote kwa sababu ya stroberi.

Mchangiaji wa tatu

Hela tupu haitoshi, lazima kuwe na rungu. Kule Catalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania, mfereji wa Segarra-Garrigues ulikuwa upeleke maji kwenye makazi ya hawahawa ndege wa nyasi. Desemba 2007 mahakama ileile ikaitia Hispania hatiani, maeneo ya ulinzi yakapanuliwa, na sehemu ya ardhi ikanyimwa maji.

Mchangiaji wa kwanza

Na wakulima waliosubiri mfereji huo miaka nenda rudi wakabaki wanawachukia ndege. Rungu lenu hilo.

Mwanzisha mada

Ndiyo maana nasema rungu libaki kwa visima haramu, na huko lisicheleweshwe. Kwa mtu wa Castro Verde nataka vitu viwili. Mkataba wake uwe wa miaka 10 kama wa Doñana, apange mambo yake akijua hela ipo. Pili, alipwe kwa tarehe: asipopitisha mashine kabla ya vifaranga kuweza kukimbia, hasara ya majani yaliyokomaa na kupoteza ubora ifidiwe yote, siyo nusu. Mtu wa mpunga naye, ukame ukibana, alipwe kwa kuacha maji kwenye majaruba kadhaa baada ya mavuno, badala ya kuyatoa yote haraka.

Mchangiaji wa kwanza

Na hela itoke wapi?

Mwanzisha mada

Kwenye ruzuku za kilimo za Ulaya, ambazo sehemu kubwa bado inagawiwa kwa kuhesabu hekta bila kuuliza hekta hiyo ina nini. Ikipungua, iongezwe kwenye kopo la stroberi. Mimi nitalipa.