Kwa nini wanawake transijenda huchukiwa zaidi?

Ndugu zangu, msichana akivaa suruali huvumiliwa, pengine akasifiwa, ilhali mvulana akivaa gauni hupigwa. Je, chuki inayowakumba wanawake transijenda, yaani wanawake waliohesabiwa wanaume walipozaliwa, haitokani na mazoea yetu ya kuudharau uanamke wenyewe?

Jibu la kwanza
Naamini ndivyo, dada. Sikiliza lugha yetu: "acha mambo ya kike" ni tusi, na "jikaze kiume" ni himizo. Kwa hiyo mtu aliyehesabiwa mwanamume tangu kuzaliwa, kisha akaukiri uanamke wake hadharani, huonekana amejishusha cheo kwa hiari, na hilo jamii hailisamehi.

Jibu la pili
Nakubali, ila dharau hiyo hufika hadi kwenye karatasi. Nchini Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani kwa sababu cheti chake cha sekondari kilibeba jina la kiume. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia.

Jibu la tatu
Kinachoniumiza ni watetezi wa haki za wanawake wanaowafungia mlango wanawake transijenda, ilhali mizani inayowapima sauti, mwendo na mavazi ndiyo ileile iliyotupima sisi tangu utotoni.