Eka 40 Iowa kwa ajili ya kuwinda fezanti, zinatosha au najidanganya?

MtuWaNyasi:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Iowa, Marekani, nawinda fezanti (ndege wa porini jamii ya kuku) kila msimu na wenzangu, sana sana kwenye ardhi za umma, sasa nimefika mahali nataka pa kwangu ambapo naweza pia kuwatunza hao ndege sio kuwapiga tu. Kuna kipande cha eka 40 kinauzwa, kama nusu hivi inalimwa mahindi na soya na jamaa aliyekodi, nusu nyingine ni nyasi za bromu za zamani zimeshonana kama zulia, na kona ya chini kabisa kuna dimbwi lenye matete. Dalali anasema ndege wamejaa na kweli nilivyoenda kuangalia nilisikia majogoo wakiwika.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu, eka 40 zinatosha? Nikishanunua nianze na nini, nipande mahindi ya kuwaachia ndege wale, nipande miti au vipi? Na hii CRP, programu ya serikali ya kulipwa ili uache shamba liwe nyasi, ukinunua unaingia tu au ina masharti? Halafu mimi sio raia, nina grinikadi, sijui kama hilo lina shida.

KwareMzee:
Mkuu hongera kwa wazo. Mimi nakwambia usianze kuangalia hizo eka 40, angalia maili moja ya mraba iliyozizunguka, yaani eka 640. Fezanti hasomi hati ya shamba lako, maisha yake mengi ya mwaka mzima yanaishia humo humo kwenye maili moja hivi, anatagia kwa mmoja, anakula kwa mwingine, theluji ikishuka anajificha kwa wa tatu. Kwa hiyo swali sio kama 40 zinatosha, swali ni hao majirani wamekosa nini na wewe unaweza kukileta. Fungua ramani ya satelaiti leo usiku, uone ni wapi kuna nyasi ambazo hazikatwi, wapi kuna matete, wapi kuna vichaka. Ukiona pande zote ni mahindi na soya mpaka ukingoni mwa barabara basi hicho kipande kitakuwa kisiwa na kisiwa kidogo mbweha na kicheche wanakimaliza haraka, wanatembea tu kufuata mstari wa nyasi wanaokota viota kimoja kimoja. Ukiona jirani ana nyasi nyingi, au kuna ardhi ya umma karibu, hapo eka 40 zinafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Na hao majogoo uliowasikia wasikudanganye, jogoo anawika popote. Jogoo mmoja anahudumia majike wengi, ndio maana sheria inaruhusu kupiga majogoo tu, watatu kwa siku hapa Iowa, na idadi ya mwaka unaofuata haitetereki. Ndege wanaletwa na jike aliyefanikiwa kutotoa. Jike anahitaji nyasi zilizosimama tangu mwaka jana, sio zinazoanza kuota, kwa sababu anaanza kutaga kabla nyasi mpya hazijapanda, halafu anaatamia siku 23 hivi na huku vifaranga wengi wanatoka katikati ya mwezi wa sita. Akipita mtu na mashine ya kukata majani katikati ya hapo kiota kimekwisha na mara nyingi na jike mwenyewe, maana hakimbii. Akinusurika atajaribu tena lakini mayai yanapungua, na akishatotoa basi, mwaka huo hatotoi tena. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kitu cha kwanza, cha pili na cha tatu ni nyasi za kutagia, kipande kimoja kipana, sio vipande vyembamba vyembamba. Mahindi ya ndege yatafuata baadaye sana.

Mpimaji_wa_Mipaka:
Naongezea upande wa makaratasi maana watu wanaumia huku.

Grinikadi haina shida. Sheria ya Iowa inawazuia watu wa nje wasio wakazi wa kudumu kununua ardhi ya kilimo, mkazi wa kudumu haimgusi. Bunduki vilevile, mkazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya nchi kumiliki.

Jamaa aliyekodi: soma mkataba wake kabla hujasaini chochote. Iowa kumwondoa mkulima lazima umpe notisi ya maandishi kabla ya Septemba 1 na inaanza kazi Machi 1 mwaka unaofuata, ukichelewa mkataba unajirudia wenyewe mwaka mwingine. Kwa hiyo ukinunua mwezi wa kumi na muuzaji hakutoa notisi, msimu mzima unaofuata hiyo nusu sio yako kuifanyia utakavyo. Mwambie muuzaji aitoe yeye mapema au mkae na huyo jamaa muongee, wakati mwingine unakuta ni mtu mwelewa, anakubali kuacha mistari ya mahindi bila kuvuna pembeni ya dimbwi ukimlipa gharama yake.

CRP ni mkataba wa miaka 10 mpaka 15 na wizara ya kilimo kupitia ofisi ya FSA (idara yake ya huduma za mashamba) ya kaunti, ulianzishwa na sheria ya kilimo ya 1985, unalipwa kila mwaka kama pango kwa kuacha shamba liwe nyasi. Huwezi kununua leo ukajiandikisha kesho, kwa kawaida lazima uwe umemiliki miezi 12, na ardhi iwe na historia ya kulimwa, kwa hiyo hizo bromu za zamani huenda zisikubalike lakini hiyo nusu inayolimwa ina nafasi nzuri. Kama tayari kuna mkataba wa CRP juu ya ardhi, una siku 60 za kuuchukua kwa jina lako, zikipita unaweza kuvunjwa na malipo yaliyokwisha kutolewa yakadaiwa yarudi, na mjadala wa nani atayarudisha hutaki uwe nao baada ya kufunga biashara. Iandikwe kwenye makubaliano ya mauzo. Halafu mwanasheria aangalie kama kuna masharti ya kudumu ya hifadhi yamefungwa kwenye hilo dimbwi, hayo yanabaki na ardhi hata iuzwe mara kumi. Sio mabaya, kwa mtu wa fezanti ni mazuri hata, ila ujue mapema.

PrairiKwanza:
Mimi niongelee hizo bromu maana naona hujaambiwa ukweli wake. Bromu iliyoshonana hivyo ni mbovu kwa vifaranga. Wiki za mwanzo kifaranga anakula wadudu karibu tupu, na ili apate wadudu kunatakiwa maua, mimea ya majani mapana, halafu chini kuwe na udongo wazi anaoweza kupita. Kwenye bromu hapiti, ananasa, analowa na umande, na kifaranga aliyelowa siku ya baridi anakufa maana bado hawezi kujipasha joto mwenyewe. Ndio maana masika (majira baada ya theluji) yakiwa na mvua nyingi na baridi tunapata vuli mbaya, ndege wachache msimu wa kuwinda ukifika, hata kama majike walikuwa wengi.

Kuziondoa inabidi uzipige dawa ya kuua magugu vuli zikiwa bado kijani, upige tena masika, ndio upande mbegu za nyasi asili za prairi (zile mbuga za zamani za huku) na maua kwa mashine ya kupandia bila kulima. Usilime na plau, utaamsha kila mbegu ya gugu iliyolala chini. Na usifanye nusu yote mwaka mmoja, gawa, kwa sababu hata hiyo bromu mbovu jike anatagia, ukiiua yote masika ijayo hana pa kwenda.

Mwaka wa kwanza utaona magugu matupu, usikate tamaa, nyasi za prairi zinashuka mizizi kwanza. Mwaka huo unafyeka juu juu mara kadhaa ili magugu yasizizibe jua, na hili ndio eneo pekee unaloruhusiwa kufyeka kiangazi maana hakuna anayetagia kwenye miche. Mwaka wa pili zinaonekana onekana, wa tatu unaanza kuona kitu. Baada ya hapo ni moto, theluthi moja kwa mwaka kwa zamu, masika mapema kabla ya kutaga, na watu wanaojua, mistari ya kuzuia moto imekatwa na kikosi cha zimamoto kimeambiwa. Kwenye CRP kumbuka kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 1 hapa Iowa ni msimu wa viota, huruhusiwi kugusa.

Na kabla hujanunua mbegu yoyote tafuta wataalamu wa Pheasants Forever, lile shirika lililoanzishwa Minnesota 1982, wana watu wa kushauri wenye mashamba bure na wanajua programu zote za kaunti yako.

MtuWaNyasi:
Aisee asanteni sana, nilikuwa nimeshaanza kutafuta miche ya miti. Mbili za mwisho, kwanza kuna mtu ananishauri ninunue fezanti wa kufugwa niwaachie masika ili waanzishe ukoo, inafaa? Pili eka 40 nikishazitengeneza naweza kuwinda mara ngapi bila kuwafukuza?

KwareMzee:
Wa kufugwa usinunue. Hawajui mwewe, hawajui mbweha, wengi wanakufa ndani ya wiki chache na waliobaki viota vyao havifiki mbali. Hiyo hela weka kwenye mbegu. Kama ndege wa porini wapo ndani ya hiyo maili wakipata makazi watakuja wenyewe, kama hawapo basi tatizo ni makazi na huwezi kulitibu kwa sanduku la ndege.

Miti mirefu ya peke yake peke yake nayo ondoa, ndio kiti cha mwewe na bundi, na hao huruhusiwi kuwagusa hata kidogo, sheria ya nchi ya 1918 inawalinda, ila kiti chao ni chako unaweza kukikata. Vichaka vifupi vilivyosongamana pamoja na hayo matete yako ndio nyumba ya baridi. Usiyafyeke matete, usiyakaushe, hiyo kona ndio sababu ya mimi kuipenda hii ardhi. Shamba la mahindi au mtama la ndege liguse kabisa hayo matete na liwe pana, kamba nyembamba ya mahindi inajaa theluji yote na jike anayelazimika kuvuka uwanja wazi kutafuta chakula anaokotwa njiani.

PrairiKwanza:
Hapo kwenye mahindi mimi na mzee tunatofautiana kidogo, fezanti kufa kwa njaa ni nadra, anakufa kwa kukosa pa kujificha dhoruba ikipiga. Kama hela ni ya kitu kimoja tu ningepanua matete na vichaka kwanza.

KwareMzee:
Nakubali, ila msimu wa theluji ngumu asiyetembea mbali kula ndiye anayefika masika na mafuta mwilini, na jike mwenye mafuta anataga vizuri.

Kuhusu kuwinda, msimu wetu unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi mpaka Januari 10, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 na nusu jioni. Kwa eka 40 usiingie kila wikiendi. Ndege wakisumbuliwa mara mbili tatu mfululizo wanahamia kwa jirani na wanabaki huko. Pumzisha wiki mbili tatu kati ya safari, na kipande kimoja hapo katikati kiache kabisa bila kuingia mpaka mwisho wa msimu. Nenda saa ya mwisho ya jioni wakiwa wanarudi kulala kwenye nyasi, upepo ukiwa usoni, paki gari mbali, usibamize mlango, usiite mbwa kwa sauti. Wawili na mbwa mmoja wanatosha, mmoja akae mwisho wa nyasi maana jogoo anakimbia kwa miguu kwanza kuliko kuruka. Siku nyingine zote ingia ardhi za umma kama ulivyozoea.

Mpimaji_wa_Mipaka:
Na kabla ya kutoa ofa nenda pale alfajiri ya mwezi wa nane, siku ya umande mzito bila upepo, uendeshe polepole barabara zote za kokoto zinazozunguka hiyo maili. Majike wanawatoa vifaranga pembeni ya barabara kujikausha, hivyo ndivyo hata idara ya maliasili ya jimbo inavyohesabu kila mwaka. Ukiona majike na vifaranga nunua. Ukiona majogoo watupu rudi tena siku nyingine ya umande kabla hujamjibu dalali.