Standadi au Latini: tuanze na ipi hapa Kampala?

Nakawa_Jioni:
Habari zenu wapendwa. Mimi na kaka mmoja wa kazini tumecheza salsa muda mrefu, sasa tunataka dansi za mashindano. Naona kuna makundi mawili yenye dansi tano kila moja. Standadi ni walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikstepu. Latini ni samba, chacha, rumba, paso doble na jaivu. Pesa tuliyonayo inatosha kundi moja tu kwa sasa. Mngetushauri lipi?

Mwalimu_Jinja:
Dada, anzeni na Standadi, tena walzi kwanza. Mkumbatio ndio shule yenyewe. Mnasimama mmegusana mwili, kila mmoja akiwa na mwenzake kidogo upande wa kulia. Mkono wa kulia wa kaka unakaa chini ya bega lako kwa nyuma, na wako wa kushoto juu ya mkono wake. Viwiko havishuki mpaka muziki uishe. Halafu miguu: pigo la kwanza mnatoka chini, anayekwenda mbele akitanguliza kisigino. Mwisho wa pigo hilo mnaanza kuinuka, mnazidi kuinuka la pili na la tatu, na mwisho wa la tatu mnashuka taratibu. Walzi inakwenda mapigo kama 84 hadi 90 kwa dakika, kwa hiyo kosa unalisikia mwilini na unapata nafasi ya kulirekebisha. Ya Vienna ni karibu mara mbili ya hapo, msiikimbilie. Tango haina kupanda na kushuka kabisa, ndiyo maana napenda ije ya pili.

Arua_Kaskazini:
Kwa heshima yote mwalimu, hapo sikubaliani. Hawa wana salsa tayari, waende Latini. Standadi ni dansi za safari, watu wanazunguka ukumbi kinyume cha saa. Ukumbi wetu wa kawaida umejaa viti na meza za harusi, sasa foksitroti itapita wapi? Rumba na chacha unazichezea palepale.

Ila wajue mambo mawili. Kiuno cha rumba hakitikiswi kama cha bakisimba, ile ngoma ya Baganda. Kinatokana na goti linalonyooka na uzito kuhamia wote kwenye mguu mmoja, ukitikisa kwa makusudi majaji wanaona. Pili, rumba ya mashindano imetoka Cuba, na hatua yake inaanza pigo la pili: mbili, tatu, nne, halafu la kwanza kiuno kinamalizia. Bendi zetu zinapiga rumba ya Kikongo, ile UNESCO iliyoiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2021. Naipenda sana, lakini ukifanyia mazoezi muziki huo sikio litazoea kuanzia pigo jingine. Tafuteni muziki wenyewe wa mashindano.

Mama_Kansanga:
Wanangu, mmesahau mavazi, na mimi ndiye ninayeshona. Koti la mkia la Standadi linakatwa mikono ikiwa juu. Fundi akikata mikono ikiwa chini, kaka akishika mkumbatio tu mabega ya koti yanapanda mpaka masikioni. Si kila fundi wa suti analiweza. Gauni lake nalo linakula kitambaa kingi. Kwa kuanzia Latini ni nafuu.

Viatu: vya Standadi kwa mwanamke vimefunika vidole, vya Latini viko wazi na soli inapinda. Vyote vina soli ya suedi, yaani ngozi laini yenye manyoya mafupi. Msitoke navyo nje hata kwenda chooni. Vumbi jekundu likijaa soli inakuwa kama kioo, mtateleza. Ipigeni brashi ya waya kabla ya kila zoezi.

Nakawa_Jioni:
Asante mama, asanteni wote. Na mashindano yenyewe yanahukumiwa vipi? Kuna kundi lenye nafasi kubwa zaidi ya kuingia Olimpiki?

Mwalimu_Jinja:
Hakuna. Shirikisho la dunia la dansi za mashindano, WDSF, lilitambuliwa na kamati ya Olimpiki mwaka 1997, lakini Paris 2024 iliyoingia ni breki pekee, yaani breakdance, dansi ya mtaani. Ukumbi wa ndoto kwa makundi yote mawili ni Blackpool, Uingereza, ambako tamasha lake lilianza 1920.

Kuhukumiwa: jozi nyingi zinacheza pamoja, kama dakika moja na nusu kila dansi. Raundi za mwanzo jaji anaweka alama tu kwa jozi anazotaka zirudi. Fainali kwa kawaida ni jozi sita, na kwa mfumo ambao bado umeenea kila jaji anazipanga 1 hadi 6, walio wengi ndio wanaamua. Jaji anakutazama sekunde chache tu, na katika sekunde hizo anaona kwanza mkao na kama mko ndani ya pigo. Ndiyo maana nasisitiza walzi.

Arua_Kaskazini:
Mkao upo hata kwenye rumba, mwalimu. Dada, ukumbi wenu ukoje?

Nakawa_Jioni:
Wa kanisa, kama mita 12 kwa 8, vigae, na viti tunaruhusiwa kuvitoa.

Arua_Kaskazini:
Kama viti vinatoka, basi namwachia mwalimu. Nafasi hiyo isipotee.

Mwalimu_Jinja:
Inatosha kabisa. Upande mrefu pigeni hatua za kubadili mguu, kwenye kona mgeuke kulia, mtoke upande mfupi. Wiki za mwanzo hesabuni kwa sauti bila muziki. Na wewe dada, kichwa kielekee kushoto kwako, usiitazame miguu ya kaka.