Naomba ushauri: sanduku la ujumbe wa sauti linakataa nywila ninapoingia kupitia terminali

Mkesha: Wakuu, habari zenu. Ninatumia baresip, programu ya kupiga simu, kwenye terminali (dirisha la kuandika amri), ninapiga *98 kwenye seva yetu ya simu ya Asterisk yenye FreePBX (kurasa za kuisimamia), naingiza namba ya sanduku na nywila, kisha naambiwa nimekosea. Nywila nina hakika nayo, na ujumbe unahitajika kabla ya kesho asubuhi. Nifanyeje?

Waya Mwekundu: Hizo ni toni, mkuu. Kila tarakimu hutumwa kwa masafa mawili kwa pamoja (5 ni 770 Hz na 1336 Hz), na zikipitishwa ndani ya sauti iliyobanwa kwa mbinu ya G.729 huharibika, seva ikasikia tarakimu pungufu. Weka dtmf_mode=rfc4733 kwenye pjsip.conf, faili la mipangilio ya simu za seva, ili zisafiri katika pakiti zake zenyewe.

Mama Seva: Mimi kupiga simu niliacha zamani. Ujumbe ni mafaili tu: ingia /var/spool/asterisk/voicemail/default/, fungua folda ya sanduku, na ndani ya INBOX utakuta msg0000.wav pamoja na msg0000.txt yenye namba ya mpigaji. Ofisini kwetu nilikuwa nikiyanakili kila jioni, na yalibaki kuhesabiwa kuwa mapya.

Mdadisi: *97 hufungua sanduku la anayepiga, ilhali *98 huuliza namba ya sanduku. Hilo ni la nani?

Mkesha: Ni la mwenzetu aliyeacha kazi. Wateja bado wanamwachia ujumbe, na mkuu wangu ameniruhusu kwa mdomo. Hata hivyo nimeshaandaa amri ya seva kupigia simu 201 na kufungua sanduku 214: channel originate PJSIP/201 application VoiceMailMain 214@default,s ambayo hairudi kuuliza nywila. Ujumbe ni wa kazi, sioni kosa.

Mwalimu Staafu: Ndugu yangu, aliyeacha ujumbe alikusudia usikilizwe na mtu mmoja, na huenda mna ya siri humo. Ruhusa ya mdomo hukanushwa kwa mdomo. Iombe kwa maandishi.

Mdadisi: Mleta mada, kisa hiki sikiamini. Amri hiyo huendeshwa ndani ya konsoli ya Asterisk (hufunguliwa kwa asterisk -rvvv), na mwenye konsoli kwa kawaida anaweza kuzisoma nywila kwenye faili la voicemail.conf. Ubishane na toni kwa nini? Ama seva si yenu, ama huyo mwenzenu hayupo.

Mkesha: Yupo, na nywila niliisoma humo humo, ndiyo sababu nina hakika nayo.

Mama Seva: Basi tafuta mpangilio wa passwordlocation katika faili hilo. Ikiwa ni spooldir, nywila aliyoibadilisha mwenyewe imo kwenye secret.conf, ndani ya folda ya sanduku lake, na uliyoisoma wewe ni ya zamani.

Mkesha: Ni spooldir kweli. Ahsante, mama. Bado nitatumia amri yangu, kwa kuwa wateja wanasubiri.

Mama Seva: Ukisikiliza kwa njia hiyo, ujumbe utahamia folda ya Old. Nakili INBOX kwanza, na nywila yake usiiguse mpaka mkuu wako aandike.