Makanisa ya mbao ya Maramureș, Romania: tuyazuru Jumapili au siku ya kawaida?

Seremala wa Njoro

Hamjambo wote. Dada yangu mdogo anasomea udaktari mjini Cluj-Napoca, na Agosti nitakwenda kumtembelea, kisha tupande pamoja hadi milima ya Maramureș, kaskazini mwa Romania, ambako makanisa manane ya mbao yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Kwa kuwa riziki yangu yatokana na mbao, nataka kujionea jengo la magogo lililosimama karne nne, ilhali huku kwetu Njoro nguzo ya saipresi isiyotiwa dawa huliwa na mchwa kabla mwenyewe hajamaliza kulipia shamba. Siku zetu ni chache. Tuanzie wapi, na je, ni heri kwenda Jumapili wakati wa ibada au siku ya kawaida? Mimi ni Mwanglikana na sijawahi kukanyaga kanisa la Kiorthodoksi.

Msanifu, Kisumu

Ndugu Seremala, nenda siku ya kawaida. Jumapili utaona migongo ya waumini. Fundi anahitaji kuona kuta. Niliwahi kuzunguka vijiji hivyo na ningekushauri uanzie Șurdești, karibu na mji wa Baia Mare, ambako mnara pekee una urefu wa takriban mita 54, wote wa mbao. Tazama paa lenye mapindo mawili: pindo la chini hukinga ukuta na mvua, la juu huacha nafasi ya madirisha madogo. Jengo lenyewe limekaa juu ya mawe, hivyo gogo la chini haligusi udongo, na magogo yamechongwa ncha zake yakafumana pembeni. Mwinuko wa paa huteremsha theluji, na vigae vyake ni vya mbao, navyo hubadilishwa vinapochakaa. Kwa hiyo sehemu ya jibu lako ni kwamba kanisa hilo halikuachwa lizeeke lenyewe; kila kizazi kilipanda juu ya paa na nyundo. Baridi nayo imesaidia, maana mchwa wa Njoro hawapo kule.

Ukifika Ieud, katika kanisa la mlimani, huenda ukaambiwa kwamba lilijengwa mwaka 1364. Hayo ni mapokeo. Uchunguzi wa pete za miti umeonyesha kwamba mbao zake ni za mapema karne ya 17, na kwangu mimi umri huo hauupunguzii mlango wake heshima hata kidogo.

Mama wa Bunyore

Ninaheshimu ushauri wa Msanifu, lakini siukubali wote. Sisi tuliolelewa katika Uorthodoksi huku magharibi mwa Kenya tunajua kwamba kanisa lisilo na waimbaji na ubani limeonwa nusu tu. Mwanangu, hudhuria ibada moja, kisha urudi siku nyingine ukapime magogo yako. Dada yako abebe kitambaa cha kichwa na sketi ndefu, nawe usivae kaptula. Mtanunua mishumaa na kuiwasha mahali palipotengwa. Ibada ni ndefu na watu husimama muda mwingi. Usijipange kupokea Komunyo, kwa kuwa ni ya Waorthodoksi waliojiandaa, wala usipite nyuma ya ule ukuta wa picha takatifu unaotenga madhabahu. Kwa desturi ya zamani ya huko, wanawake walisimama katika chumba cha mbele na wanaume ndani zaidi, basi msishangae mkitenganishwa.

Agosti 15 ni sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu, na mahujaji wengi humiminika katika monasteri ya Moisei. Safari yenu ikiangukia tarehe hiyo, tafuteni malazi mapema.

Seremala wa Njoro

Asanteni, mama na Msanifu. Je, siku isiyo na ibada milango huwa wazi? Na hizo picha za ukutani, zilichorwaje juu ya mbao zinazotanuka na kusinyaa?

Msanifu, Kisumu

Mara nyingi ufunguo hukaa kwa jirani au kwa padri, hivyo muulizeni mtu wa karibu na mtoe sadaka kidogo. Kuhusu picha, mafundi walibandika vitambaa juu ya maungio ya magogo, wakapaka tabaka jembamba, ndipo wakachora. Mfano wa kutazamwa kwa makini ni Hukumu ya Mwisho katika kanisa la Poienile Izei. Ndani ni giza, kwa hiyo beba tochi hafifu, na usitumie mwako wa kamera. Ikiwa mtapata nafasi ya kanisa moja tu la ziada, chagueni Budești Josani, la mwaka 1643, ambamo wanahifadhi kofia ya chuma na vazi la vita yanayosemekana kuwa ya Pintea, mwasi mashuhuri wa milima hiyo. Na hapo nakubaliana na mama: nendeni Jumapili, ibada ikiisha mbaki nyuma.