Ati "dada yangu soma kitabu kwanza"?? NA CHAKE KIKO NDANI YA NAILONI!!

Wakuu natype nimesimama kwenye daladala mkono mmoja, herufi zikiruka mnisamehe.

Mnamjua, sitaji. Yule wa miwani inayoning'inia kifuani. Kila kitabu kipya cha mambo ya nyumbani, ukoo, sijui asili yetu, kikitoka tu yeye ndo mchambuzi, hata kikitoka cha ufugaji wa kuku utamkuta meza kuu na chupa yake ya maji.

Leo ilikuwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, hii aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Kiingereza ilitoka 1994, Kiswahili 2022, mzee ameshabeba Nobel, yaani maneno ya mtu wa Unguja yametembea miaka 28 ndo yanafika kwao, halafu anayeyapokea mlangoni ni huyu. Kashika maiki, eti ni hadithi tamu ya Yusuf anayekwenda pwani KUKAA NA MJOMBA WAKE, inatufundisha thamani ya familia. Jamani!! Yule Aziz si mjomba wa mtu, ni tajiri anayemdai baba mtu, mtoto hata miaka 12 hajatimiza anapandishwa treni kama rehani ya deni, anafika kule anatumikishwa dukani, na Khalil anamwambia huyu si mjomba wako, anarudia mpaka unataka kumziba mdomo. Hapo hupitwi labda usome umelala.

Nikanyoosha mkono kwa adabu, shikamoo nikatoa, nikasema mzee wangu nadhani yule mtoto kawekwa rehani. Akatabasamu. Akavua miwani. "Dada yangu, nakushauri usome kitabu kwanza."

Watu WAKAPIGA MAKOFI.

Na chake kiko pale mezani kwenye nailoni, haijatobolewa hata kwa ukucha, kibandiko cha bei juu. Changu kina doa la mchuzi wa kisamvu na jalada limekunjika kwa foleni za Ubungo. Nisome kwanza? Mimi??

Kigoda Mbele: Bila picha ya hiyo nailoni hii ni chai, tena ya tangawizi

Mleta mada: Ningepigaje picha mikono inatetemeka, DADA YANGU SOMA KWANZA mbele ya watu wazima!

Mpemba Halisi: Kwanza mjomba ni ndugu wa mama, wa baba ni ami. Sasa huyo Aziz alijifanya wa upande gani?

Mleta mada: Upande wa DENI

Mzee wa Moshi: Povu lote hili kisa makofi? Mi nilikuwepo na nilipiga, nilidhani wametangaza msosi

Mama Wawili: Asante kwa kunimalizia kitabu, nilikuwa ukurasa wa 9

Mleta mada: Dada hayo yote ni mwanzo mwanzo tu, soma

Kigoda Mbele: 😂😂 "dada soma kitabu kwanza" na wewe umeshakuwa yeye

Mama Wawili: Ningesoma na nini, nimemwazima wifi tangu Ramadhani ya mwaka jana, juzi naenda kwake nakikuta chini ya mguu wa friji ati isiyumbe

Mpemba Halisi: Friji afadhali, changu shemeji kachana kurasa kafungia karanga. Nikauziwa mimi mwenyewe, nakula huku nasoma najiona naijua hii sentensi

Mzee wa Moshi: Karanga zenyewe siku hizi kifungo cha mia zimo sita. Na sambusa za leo zilikuwa viazi vitupu, hilo mbona hakuna anayelifungulia uzi

Mleta mada: Jamani turudi kwenye nailoni

Kigoda Mbele: Sambusa ngapi zilitoka mkuu?

Mzee wa Moshi: Mbili kila mtu, meza kuu walipata nne

Mama Wawili: Wifi huyohuyo ana jagi langu la blenda