Kura ya kujitoa kwenye umoja: sehemu iliyokataa nayo inaburutwa tu?

MamaNafaka_Busia:

Ndugu zangu habari za jioni. Nina swali limenikaa kifuani tangu juzi. Walikuja vijana wawili kutoka Kampala kuchukua maharage hapa dukani kwangu, tukaanza kuongea bei, kutoka kwa bei tukaingia siasa, mmoja akasema Uganda ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki maana Wakenya wanatunyanyasa, akanikumbusha Machi 2021 mahindi yetu yalivyozuiliwa kwa sababu ya sumu kuvu, na kweli nilikuwepo, mimi mwenyewe nilikuwa na magunia kwenye lori yakakaa mpaka nikakonda. Akasema tupige kura kama Waingereza, wengi wakishinda tunatoka, yameisha. Nikamuuliza sasa sisi wa Busia na Malaba na Mutukula tukikataa? Akanijibu mama, kura ni ya nchi nzima, huko mpakani ni kipande kidogo tu.

Hilo neno kipande kidogo limeniuma. Hapa ndio tunaishi, watoto wanasoma upande huu shangazi yao yuko upande ule, hata boda boda jina lake limezaliwa hapa mpakani, watu walikuwa wanavushwa na baiskeli wanaita border border. Nasikia huko Uingereza Scotland walikataa kutoka Umoja wa Ulaya na bado wakatolewa. Ni kweli? Ilikuwaje? Na nyinyi mnaona ni haki?

Mwalimu_Arua:

Mama salaam. Ni kweli kabisa, ngoja nikupe hesabu kwanza maana wengi wanaongea Brexit, yaani huko kutoka kwa Uingereza kwenye Umoja wa Ulaya, kwa kusikia tu. Kura ilipigwa 23 Juni 2016. Wa kutoka walipata asilimia 51.9, wa kubaki 48.1, ukihesabu vichwa tofauti ni kama milioni moja na robo hivi. Hiyo ni ukiweka nchi nzima kwenye chungu kimoja. Sasa mwaga hicho chungu chini ugawe kwa sehemu: England 53.4 kutoka, Wales 52.5 kutoka, Scotland asilimia 62 kubaki, Ireland Kaskazini 55.8 kubaki. Na Scotland sio kwamba mji mmoja mkubwa uliwabeba wengine, halmashauri zote 32 zilisema tubaki, hakuna hata moja iliyokwenda upande mwingine. Halafu kuna Gibraltar, kale kamji ka Waingereza kenye mwamba kwenye mpaka wa Hispania, wao walisema kubaki kwa asilimia 95.9, na wewe mama wa Busia huhitaji kuelezwa kwa nini, huko kuna maelfu wanaovuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini.

Kilichowachoma Wascotland zaidi ni hiki. Septemba 2014 walipiga kura yao ya kujitenga na Uingereza, asilimia 55 wakasema hatujitengi. Na moja ya hoja walizopewa wakati wa kampeni ni kwamba wakijitenga watapoteza nafasi yao ndani ya Umoja wa Ulaya. Basi wakabaki. Miaka miwili haijatimia wanaambiwa sasa tunatoka Ulaya wote. Kiongozi wao Nicola Sturgeon alikuwa amesema mapema, kabla hata kura haijapigwa, kwamba nchi zote nne zikubali ndio itoke, serikali ya London ikakataa. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikasema wazi bunge la Scotland halina nguvu kisheria ya kuzuia. Na Novemba 2022 mahakama hiyohiyo ikasema bunge hilo haliwezi hata kuitisha kura nyingine ya kujitenga bila London kukubali. Yaani mlango wa kubaki ulifungwa, na wa kutoka nao ufunguo uko London.

Mimi naona si haki. Muungano wa nchi nne hauwezi kuamua jambo zito namna hiyo kana kwamba ni kijiji kimoja.

JB_Ntinda:

Mwalimu hesabu zako ni sahihi ila umeacha nyingine na ndizo zinazonifanya nisikubaliane na wewe. Ndani ya hiyo Scotland yako watu zaidi ya milioni moja walipiga kura ya kutoka. Ndani ya England watu zaidi ya milioni 13.2 walipiga ya kubaki, hao ni zaidi ya mara mbili ya watu wote wa Scotland ukijumlisha na watoto wachanga, na wao pia walitolewa bila kupenda, nani anawalilia? London peke yake karibu asilimia 60 walitaka kubaki, nayo tuiache Ulaya? Ukianza kugawa hutajua pa kusimama, utafika mpaka kwa nyumba, mume ametoka mke amebaki.

Na hao waliotaka kutoka tusiwaone kama wajinga. Mji wa Boston pale Lincolnshire ulifika asilimia 75.6 kutoka, ndio wa juu kuliko wote, ni eneo la mashamba ya mboga ambako kuanzia 2004 walikuja wafanyakazi wengi kutoka Ulaya Mashariki, mji mdogo ukabadilika kwa miaka michache na wenyeji wakaona hakuna aliyewauliza. Nenda Blaenau Gwent kule Wales, kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kilifungwa 2002, pesa za Umoja wa Ulaya zikaja zikajenga barabara na chuo, na bado asilimia 62 wakasema tutoke. Watu wengine wanasema hawana shukrani. Mimi nasema mtu ambaye kiwanda cha baba yake kimekufa humpozi kwa barabara. Hao kwa miaka mingi hakuna mkubwa aliyewasikiliza, siku walipopewa kura yenye uzito sawa na ya tajiri wa London wakaitumia. Sasa mkisema sehemu ndogo iwe na nguvu ya kuzuia nchi nzima, mnachukua kura ya huyo maskini mnaifanya nusu. Kura moja mtu mmoja, mimi hapo sitoki.

KijanaJinja:

JB umenikumbusha mji wa Leicester kule England. Waasia wengi waliofukuzwa hapa na Amin 1972, wale waliopewa siku 90, walienda kuishi kule, na mji wenyewe ulibaki kwa asilimia 51.1 tu. Mji mmoja, mtaa huu hivi mtaa ule vile. Kwa hiyo hata hiyo ya "sehemu imesema" mara nyingi ni nusu imesema na nusu imenyamazishwa.

Munyoro_wa_Kagadi:

Banange mnaenda mbali mpaka Scotland wakati jambo hili lilitokea hapa kwetu. Mmesahau 1964?

Kwa wasiojua. Waingereza walipompiga Omukama Kabalega, mfalme wetu wa Bunyoro, miaka ya 1890, Buganda iliwasaidia, wakaizawadia masaza ya Bunyoro, yaani sehemu kubwa za utawala wa mfalme, na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukatia muhuri. Miaka zaidi ya sitini watu wetu waliishi chini ya machifu wa Kiganda, shuleni Luganda, kanisani Luganda, ardhi hati zake ziko kwa watu wa mbali, na makaburi ya wafalme wetu yako ndani ya hayo masaza. Uhuru ulipokuja 1962 ikaachwa kwamba patapigwa kura. Ikapigwa Novemba 1964, masaza mawili, Buyaga na Bugangaizi. Chaguo zilikuwa tatu: kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya ya peke yake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, hasa wewe JB. Nani alipiga kura? Watu wa Buyaga na Bugangaizi. Basi. Hawakuulizwa Waganda wote, hawakuulizwa watu wa Masaka wala Mengo, makao ya serikali ya Buganda. Na kila saza lilihesabiwa peke yake. Kama wangeweka Buganda nzima kwenye chungu kimoja, sisi watu wa masaza mawili tungekuwa wangapi? Tungemezwa, na Buganda ingeitwa imeshinda kwa demokrasia, kura moja mtu mmoja, sawasawa na unavyosema. Tulirudi Bunyoro kwa kura nyingi kwa sababu aliyechora ule mstari wa kuhesabia aliuchora mahali ambapo jambo lenyewe linawahusu watu. Kwangu mimi hilo ndilo swali, kura inahesabiwa kwa kuzungushia ugo wapi. Ukiniambia ugo uko wapi nitakuambia nani atashinda kabla sanduku halijafunguliwa.

Sisemi iliisha kwa amani. Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, ndiye alikuwa Rais wa nchi wakati huo, fikirini uzito huo, na ushirikiano wa UPC, chama cha Waziri Mkuu Obote, na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, ukafia hapohapo, na 1966 jeshi likavamia kasri la Kabaka akakimbia nchi, mnajua wenyewe. Lakini marehemu babu yangu aliyepiga kura ile alikuwa akiisimulia anakaa wima.

JB_Ntinda:

Mzee wa Kagadi hiyo ya 1964 ilikuwa inaamua masaza hayo yaende wapi, kwa hiyo ni halali wapige wao tu. Brexit ilikuwa inaamua nchi nzima. Lakini nakubali hoja ya ugo sikuwa nimeifikiria hivyo, naendelea kuiwaza.

Katuna_Mfanyabiashara:

Mimi sina historia nyingi ila nina mpaka. Mpaka wetu wa Katuna na Rwanda ulipofungwa mwisho wa Februari 2019 mimi nilikuwa na duka la jumla, wateja wangu saba kwa kumi walikuwa wanatoka ng'ambo. Ukafunguliwa tena 31 Januari 2022. Hesabu hapo katikati, karibu miaka mitatu. Hakuna kura iliyopigwa, wala ya nchi wala ya kijiji. Kampala maisha yaliendelea, watu walikuwa wanaisoma kwenye habari kisha wanaangalia mpira. Sisi lojingi zilifungwa, madereva wa malori waliokuwa wanalala hapa wakapitia kwingine, vijana wakaingia njia za panya usiku na baadhi yao hawakurudi. Mke wa jirani yangu alikuwa na mama yake upande wa pili, mama akafa, akazikwa, yeye akasikia kwa simu.

Ndio maana nikisoma habari za Ireland Kaskazini nawaelewa bila mkalimani. Wana mpaka na Jamhuri ya Ireland kama kilomita 500, barabara za kuvuka zaidi ya 200, zamani kulikuwa na wanajeshi na vizuizi na mabomu, mpaka mkataba wa amani wa 1998 ndio watu wakaanza kuvuka bila kuona hata kibao. Halafu inakuja kura. Ukitaka kuona nani alipigaje angalia mahali: Foyle, kule Derry palipo karibu na mpaka, asilimia 78 kubaki. North Antrim, iliyo mbali na mpaka, asilimia 62 kutoka. Najua huko kuna pia mambo ya dini na nani anajiita Muairish nani Muingereza, lakini mpaka ni mpaka. Na baada ya kutoka 31 Januari 2020 ikabidi ukaguzi wa bidhaa uwekwe baharini, kwenye bandari za Larne na Belfast, ili ule mpaka wa nchi kavu usirudi. Wale wa DUP, chama cha huko kinachotaka kubaki na Uingereza, wakakasirika wakasema mmetutenga na Uingereza yetu, wakaigomea serikali ya jimbo miaka miwili mpaka Februari 2024. Yaani mstari usipopita kwenye shamba la huyu utapita kwenye bahari ya yule. Lazima upite mahali, na huko unakopita kuna mtu anaishi.

Mama Nafaka, huyo kijana aliyekuambia kipande kidogo, mlete Katuna nimwonyeshe milango.

kasese_msomaji:

Nasahihisha jambo moja tu ili mama asilale na hofu. Uganda kujitoa Jumuiya haiendi kwa kura ya wananchi kama Brexit. Mkataba wa Jumuiya kifungu cha 145 unasema Bunge la nchi lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, halafu Katibu Mkuu apewe notisi ya maandishi ya miezi 12. Wenzetu Ulaya kifungu chao ni cha 50 na muda ni miaka miwili. Kwa hiyo hao vijana waende kwanza kuwashawishi wabunge. Hiyo theluthi mbili kidogo inasaidia watu wa mipakani, maana Waingereza walitoka kwa nusu na kidogo.

Na zipo nchi zinazohesabu mara mbili. Uswisi ukitaka kubadilisha katiba lazima upate wananchi wengi na pia majimbo mengi. Australia hivyohivyo, wengi nchi nzima na pia majimbo manne kati ya sita. JB, huko kura ya maskini haijafanywa nusu, imewekewa tu mlango wa pili. Jumuiya yetu ya kwanza ilikufa 1977 bila mlango hata mmoja, watu wa reli na wa posta waliamka tu kazi haipo.

MamaNafaka_Busia:

Asanteni sana wanangu na wazee wangu, nimesoma yote mpaka mwisho, nyingine nimesoma mara mbili. Katuna pole, sikujua mlipitia hayo yote, sisi hapa tulilalamika kwa wiki chache za mahindi. Na wewe JB nimekusikia, hata hapa Busia kuna watu wangepiga kura ya kutoka, dada yangu mmoja angekuwa wa kwanza.

Wale vijana wanarudi Jumamosi kuchukua maharage mengine, nitawaeleza hii ya theluthi mbili. Ila Mzee wa Kagadi nina swali moja. Hiyo 1964, huko ugo uliwekwa kwenye masaza, sawa, lakini nani aliamua ndani ya ugo nani ni mwenyeji? Kwa sababu hapa mpakani kila mtu ni mgeni wa mtu.

Munyoro_wa_Kagadi:

Mama umeuliza penyewe. Kabla ya kura Mengo ilileta askari wastaafu wa Kiganda wengi sana na familia zao, ikawapa ardhi kule Ndaiga karibu na ziwa, ili siku ikifika wapige kura. Serikali ikaamua wanaopiga ni wale tu waliokuwa kwenye orodha ya wapiga kura ya 1962. Wale wa Ndaiga wakabaki wanaangalia foleni.